Baiskeli ya Japani gia 3, Ilazo hadi Mtumba kila siku: nianze kubadilisha nini?

Mkazi_Ilazo

Habari za leo wakuu. Nina baiskeli iliyotumika kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele, keria nyuma, kufuli la kwenye gurudumu na gia tatu zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu la nyuma). Ubavuni mwa tairi pameandikwa 26 x 1 3/8. Fremu nzima, rimu za aluminiamu, taa ya mbele inawaka yenyewe gurudumu likizunguka. Ni ya kwenda kazini Mji wa Serikali Mtumba hapa Dodoma nikitokea Ilazo, kilomita 12 hivi kwenda, siku tano za wiki. Urefu wangu sm 178, uzito kilo 80. Mzigo ni laptop, nguo za kubadili na chakula cha mchana.

Shida ni tatu. Asubuhi upepo wa mbele, gia ya pili inakuwa nzito kama nimebeba gunia. Magoti yanauma. Na pancha za mbigiri haziishi. Fundi mmoja anasema nivue matairi haya niweke ya mauntini yenye meno makubwa, mwingine anasema niuze ninunue yenye gia 21. Hela ni ya kuungaunga, kwa hiyo kipi kianze na kipi kisubiri?

Gololi9

Usiuze. Gia 21 maana yake cheni, sproketi (duara la meno linaloshika cheni) na kibadilisha gia vyote viko wazi kwenye vumbi, na kuanzia Juni mpaka mvua zianze vumbi la kwetu unalijua. Hiyo ya kwako gia zake zimefungiwa ndani na grisi yake. Kasoro yake ni kwamba imepangiwa barabara tambarare za mjini na safari fupi, si kilomita 12 za kuukabili upepo wa mashariki.

Anza na siti, maana haina gharama. Baiskeli hizi zinakuja na bomba fupi la siti na watu wengi wanaliacha chini ili miguu yote ifike ardhini. Hapo ndipo magoti yanapoumia. Kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga sasa kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukitaka kwa namba, pima kutoka sakafuni hadi msambani ukiwa pekupeku, zidisha kwa 0.883. Kwa urefu wako msamba unaweza kuwa sm 84, jibu ni sm 74, kutoka katikati ya mhimili wa krenki, pale mikono ya pedeli inapoingia kwenye fremu, hadi juu ya siti. Bomba ulilonalo likifika kwenye alama ya mwisho kabla ya hapo, usilivute zaidi, litapasua fremu shingoni. Tafuta bomba refu la mm 25.4, ndicho kipenyo cha nyingi za aina hii, lakini lipime kwanza. La mm 25 tupu litacheza, na ukilikaza kwa nguvu utaharibu kibano.

Sasa uzito wa gia. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma. Tuseme ni 32 na 14, mpangilio wa kawaida. Gurudumu lako likizunguka mara moja linakwenda mita 2.07 hivi. Kwa hiyo gia ya 2, ambayo haipunguzi wala kuongeza, inakupa mita 4.7 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Kama habu ni ya aina ya Shimano Nexus, gia ya 1 ni 0.73 ya hiyo na gia ya 3 ni 1.36, yaani mita 3.5 na mita 6.4. Kwenye upepo mtu aliyekaa wima anakwenda kilomita 13 kwa saa. Kwa gia ya 2 hapo unakanyaga mizunguko 46 kwa dakika, na kila mkanyago ni wa kusukuma kwa nguvu. Goti linataka 65 hadi 80.

Badilisha sproketi ya nyuma iwe ya meno 18. Gia ya 1 inakuwa mita 2.7, ya 2 mita 3.7, ya 3 mita 5. Hiyo ya 3 kwa mizunguko 70 ni kilomita 21 kwa saa, inatosha kabisa kwa kurudi na upepo mgongoni. Sproketi yenyewe ina vijino vitatu vya ndani na inashikwa na kipete cha chuma unachokibandua kwa bisibisi bapa. Kifunike kwa kitambaa, kinaruka na kinaweza kukupata jichoni. Angalia sproketi ya zamani imelala upande gani kabla hujaitoa, kwa sababu nyingi zina bonde: ukiigeuza, cheni inahama kando na itakuwa inalia au kuruka. Mpya zake si rahisi kupata, waulize wanaouza spea za baiskeli za Japani zilizovunjwa.

Kutoka meno 14 kwenda 18 ongeza inchi moja ya cheni, yaani pingili moja nyembamba na moja pana, na gurudumu litakaa palepale lilipokuwa. Ukipata ya meno 16 tu, huhitaji kuongeza cheni, gurudumu litasogea mbele kama mm 6. Ulegevu wa cheni katikati uwe mm 10 hadi 15 juu na chini. Zungusha pedeli mzunguko mzima huku ukipima, maana sproketi haziwi duara kamili na cheni iliyokazwa sehemu moja inaweza kulegea nyingine.

Tyubu_Mbili

Naongezea kwenye pancha, na kwanza hilo la matairi ya mauntini lisahau. Soma namba ndogo ubavuni: lako ni 37-590, la mauntini ni 559. Zote zinaitwa 26 lakini mdomo wa tairi unatofautiana mm 31, halikai. Na hata lingekaa, mbigiri haijali meno. Inaingia kwenye bonde kati ya jino na jino, ambapo mpira ni mwembamba kuliko wa tairi laini. Tyubu ya mauntini ya 26 x 1.75 ndiyo inaweza kukuokoa siku ya dharura.

Kabla ya kununua chochote, jua tundu linatoka wapi. Toa tyubu, ilaze kandokando ya tairi valvu kwa valvu. Tundu moja upande wa nje ni mwiba. Mawili yaliyo sambamba kama meno ya nyoka ni upepo mdogo, umegonga kingo ya lami na rimu imebana tyubu. Tundu upande wa ndani ni kichwa cha spoku au utepe wa rimu umehama. Na kama halipo kabisa, valvu.

Valvu za Japani ni zile zenye kipira chembamba kinachovaa njiti ya ndani. Kwa joto hili kinakauka, kinapasuka, tairi linashuka usiku, asubuhi unalaumu mbigiri. Paka mate juu ya valvu: yakitoa mapovu, badilisha kipira. Mara utakapobadilisha tyubu chukua yenye valvu kama ya pikipiki, tundu la rimu huwa linaipokea bila kutoboa, na utaweza kupima upepo kwa geji popote. Ila kwenye kompresa ya gereji simama mwenyewe. Tairi hili ni jembamba, linajaa kwa sekunde chache, kijana akigeuka kuongea na mteja limepasuka. Nyingi zimeandikwa 300 kPa, ambayo ni psi 43. Nyuma jaza hadi kiwango kilichoandikwa, mbele punguza 5.

Kinga ya bei nafuu ni kukata tyubu nzee upande wa ndani, kutoa valvu na kuilaza kati ya tairi na tyubu. Ncha zipishane sm 5, zisage kwa msasa ziwe nyembamba, pakaa poda pande zote. Bila poda na bila msasa, ukingo wake utaisaga tyubu mpya mpaka itoboke yenyewe.

Kisha pitisha kidole ndani ya tairi kutafuta mwiba uliobaki. Au kitambaa cha pamba, kinanasa ncha ambazo kidole hakizihisi. Mtu akiziba bila kuutoa mwiba atarudi kuziba palepale, na hiyo ndiyo nusu ya "pancha haziishi".

Chamwino_Kwetu

Mkuu Tyubu_Mbili, kwenye tyubu nzee hapo sikubaliani sana. Inaongeza uzito pale pabaya zaidi, kwenye tairi linalozunguka, na mbigiri mbichi yenye urefu wa mm 7 inapita tairi lililochakaa, tyubu nzee na tyubu mpya kwa pamoja. Akishaweka valvu ya pikipiki, atoe njiti ya valvu, amimine dawa ya kuziba mil 120 kwa kila gurudumu, arudishe, azungushe. Tundu la mbigiri linajiziba kabla hajashuka.

Tyubu_Mbili

Inafaa, sikatai. Ila kwa joto la Dodoma inakauka ndani ya miezi michache na inabaki kama bonge linalofanya gurudumu liruke. Mwiba wa mgunga ukichana zaidi ya mm 3 haizibi kitu, inamwagika tu. Na baada ya hapo kiraka hakishiki mpaka uoshe tyubu na kuikausha kabisa. Kwa mtu anayeweza kuijaza upya kila msimu, sawa.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hawamwambii mteja: gurudumu la nyuma la baiskeli hii usilitoe kwa ajili ya pancha. Pale kwenye ekseli kuna stendi, keria, madigadi, mkono wa breki ya mkanda na kisanduku cha gia, vyote kwa nati mbili, na washa zake zikirudi kwa mpangilio mwingine gia hazikai tena. Bandua tairi upande wa kushoto tu, vuta tyubu nje sehemu yenye tundu, ziba ikiwa hapohapo. Msasa, solusheni nyembamba, subiri dakika tano mpaka ukigusa haichafui kidole, ndipo kiraka. Kiraka kinachobandikwa juu ya solusheni mbichi kitabanduka mchana jua likiwaka.

Mkazi_Ilazo

Asanteni sana wakuu. Siti nimeshapandisha, bomba lilikuwa na nafasi ya sm 9 zaidi, tofauti ni kubwa. Swali: gia ya 3 mara nyingine pedeli inakosa, inazunguka bure halafu inashika kwa kishindo. Je, habu imekwisha? Na kuna ubaya kuhamisha breki? Hii breki ya mbele iko mkono wa kulia.

Gololi9

Bado haijaisha, ila usiendelee kuipanda hivyo, utasaga meno ya ndani. Mwisho wa ekseli upande wa kulia kuna kisanduku kidogo chenye kijidirisha. Weka gia ya 2, zungusha pedeli kidogo, chungulia: mstari wa kijiti cha ndani unatakiwa uwe katikati ya mistari miwili ya alama. Kama umepita, legeza nati ndogo ya mm 10 kwenye waya, zungusha kirekebishi kidogokidogo mpaka ukae, kaza. Badilisha 1-2-3-2-1 kisha chungulia tena. Alama zikiwa sawa na bado inakosa, chomoa kijiti chenyewe ukiviringishe juu ya kioo. Baiskeli ikianguka upande wa kulia hicho ndicho kinachopinda kwanza. Na unapobadilisha gia acha kukanyaga kwa sekunde moja.

Breki ziache. Japani nao wanaendesha kushoto kama sisi. Unapokata kulia unanyoosha mkono wa kulia, unabaki na wa kushoto ambao ni breki ya nyuma. Ukihamisha utabaki na ya mbele peke yake, mkono mmoja kwenye usukani na lori nyuma yako.

Cheni: mafuta ya taa na brashi, kausha, tone moja la oili ya cherehani kwenye kila pingili, kisha futa nje pakauke. Oili chafu ya injini ina unga wa chuma na inakamata mchanga. Habu ya mbele ifunguliwe mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha. Kama haina dainamo ndani itakuwa na gololi 10 za inchi 3/16 kila upande. Yenye dainamo usiifungue, ina waya.

Chamwino_Kwetu

Taa sasa, hajaziulizia lakini kwa njia hii ni muhimu kuliko madoido yote. Asubuhi unaelekea mashariki jua likichomoza, jioni unarudi magharibi likizama. Safari zote mbili jua liko machoni mwa dereva anayekuja nyuma yako. Dainamo yako ni volti 6, inalisha taa ya mbele tu, nyuma huwa kuna kiakisi peke yake, nacho jua likiwa mbele hakisaidii. Funga taa nyekundu ya betri kwenye keria, si kwenye bomba la siti ambako begi litaifunika, na iwashe hata mchana. Kioo cha bodaboda chenye kibano cha mm 22 kinaingia kwenye usukani wako bila kuongeza kitu. Weka kulia.

Mzigo wote keria, mabegi mawili ya pembeni, laptop upande wa kushoto mbali na kisanduku cha gia. Kikapu kiachie kilo 3 hivi, koti la mvua na maji ya kunywa. Kikijaa, kila upepo wa lori linalokupita unakamata usukani. Kama una spana, shusha usukani sm 4: legeza boliti ya juu mizunguko mitatu, weka kitambaa, igonge mara moja ishuke, ndipo usukani utakubali. Upepo wa asubuhi utausikia umepungua.

Mkazi_Ilazo

Kijiti kimepinda, nimeona. Natafuta kingine Majengo Jumamosi pamoja na sproketi ya 18.

Gololi9

Nenda nacho mkononi. Urefu wa kijiti unategemea urefu wa ekseli, na vinafanana kwa macho. Kikipungua mm 3 gia ya 1 haiingii.