Kusafiri nje wakati visa ndefu ya Ufaransa (VLS-TS) haijamaliza kusajiliwa, ipi afadhali?

mtangatanga_lyon
Wakuu habari zenu. Mimi mwanafunzi Lyon, nimeingia Ufaransa katikati ya mwezi wa tisa na visa ya mwaka mmoja, ile VLS-TS ya kusajili mtandaoni. Dada yangu anaolewa Tanga mwisho wa mwezi wa 12 na mama kashasema nisipoonekana nisipige simu tena. Nshajaza fomu, timbre (stempu ya kodi) nimelipia, ila confirmation, ile karatasi ya kuthibitisha usajili, bado haijatokea kwenye akaunti. Naona njia tatu: niende na visa yangu kama ilivyo maana imeandikwa inaisha mwakani, au nisikate tiketi mpaka karatasi itoke, au niende mapema mwezi wa 11 nirudi, harusi nione kwa video. Mliopita huku mnasemaje?

BibiWaToulouse
Mdogo wangu hiyo ya kwanza ifute. Tarehe ya mwakani kwenye stika inadanganya watu wengi. Visa ina miezi mitatu ya mwanzo unatoka na kuingia nayo yenyewe bila shida, baada ya hapo bila kusajiliwa huruhusiwi kuvuka tena mpaka wa Schengen (zile nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani), unaanza kuomba visa upya ubalozini. Sasa piga hesabu, umeingia katikati ya mwezi wa tisa, miezi mitatu inaishia katikati ya wa 12. Kutoka utatoka, kasheshe ni kurudi, januari huyo umesimama airport ya Roissy, Paris, na visa ambayo haikusajiliwa.

Ya mwezi wa 11 kisheria iko sawa kabisa, ila unaenda Tanga kufanya nini wakati harusi bado 😂

kijana_wa_kisauni
Mi niliona kitu hapo airport, jamaa mbele yangu kaulizwa confirmation akatoa risiti ya timbre, yule askari kaigeuza mbele nyuma kamrudishia, anataka ile nyingine. Risiti inaonyesha umelipa tu, haisemi visa imesajiliwa. Bahati yake alikuwa nayo kwa email, akaanza kutafuta wifi na foleni yote nyuma inasonya. Print bana, ikunje uweke ndani ya pasi, simu huzima.

mtangatanga_lyon
Shukrani. Sasa kinachonitatiza ni hii, nilishukia Amsterdam ndo nikapanda treni kuja huku, muhuri ni wa Uholanzi. Inaweza kuwa ndo imekwamisha?

BibiWaToulouse
Inawezekana. Fomu inauliza tarehe uliyoingia Ufaransa, kwa hiyo tiketi ya treni usiitupe. Ingia kwenye akaunti uangalie kama kuna ujumbe wanataka kitu, halafu nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni kwako, hao mambo haya wanayaona kila msimu. Na timbre ile namba yake hakikisha imeingia kwenye fomu, kuna watu wananunua tabac (duka la sigara) wanaweka karatasi kabatini wanasubiri.

MzeeLeipzig
Huku Ujerumani mambo mengine kabisa, nasema ili msichanganye maana ushauri wa huku unazagaa kwenye magrupu ya huko. Sisi unakuja na visa ya D (ya kukaa muda mrefu), unaomba kibali kabla haijaisha, ikiisha hujapewa kadi wanakupa Fiktionsbescheinigung, karatasi ya muda ya kungojea kadi. Humo ndani kuna viboksi, kikiwekwa alama cha § 81 ibara ya 4 ya sheria yao ya ukaazi unasafiri na kurudi, kikiwa cha ibara ya 3 ukitoka nje umejifungia mlango. Karatasi ileile, alama tu imehama. Nyie mna kusajili na mwisho wa habari, kwa maoni yangu yenu rahisi.

kijana_wa_kisauni
Rahisi website ikikubali 😅 Btw kama ni kutembea tu, Brussels ama Barcelona huhitaji kungoja, hiyo visa inakupeleka nchi za Schengen siku 90 ndani ya 180. London hapana, ile ni visa yake. Hata tiketi ya kupitia London kwenda Dar angalia vizuri, Mtanzania na Mkenya wanaweza kudaiwa visa ya kupita tu. Pitia Addis ama Doha ulale.

mtangatanga_lyon
Basi nachukua ya pili, ila tiketi nakata ya kubadilisha tarehe hata kama ni ghali, nikisubiri desemba bei itanitoa roho. Kesho niko ofisi ya chuo. Swali la mwisho, rafiki yangu visa yake imeandikwa "carte de séjour à solliciter" (kadi ya ukaazi iombwe), naye ajaze mtandao huuhuu?

BibiWaToulouse
Hapana, huyo hana cha kusajili, anaomba kadi prefecture (ofisi ya serikali ya mkoa) ndani ya miezi miwili tangu afike. Na akipewa récépissé (risiti) ya ombi la kwanza asiitegemee kurudi nayo Ufaransa, visa ikishaisha hiyo haimwingizi. Mwambie akae mpaka ashike kadi mkononi.

MzeeLeipzig
Na picha za harusi tutumiwe.