Popo wamehama uwani kwetu, nifanyeje warudi?

KarafuuMbichi:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mie nipo shamba, kaskazini ya Wete, hapa Pemba. Tangu nipate akili, popo wamekuwa wakituchangamshia uwa kila ikitoka magharibi: maembe, shelisheli, kelele mpaka usiku mkubwa. Tangu Ramadhani hajaonekana hata mmoja. Bi mkubwa wangu haoni tena, na usiku alikuwa akiujua kwa makelele yao. Sasa kila jioni ananiuliza, "Hawajaja?" Nimeweka ndizi mbivu kwenye sinia juu ya banda, zimeliwa na siafu. Naombeni ushauri, silali.

Mzee wa Mbweni:
Waalaykum salaam. Sinia ondoa. Mie niliweka bakuli la maji na mabaki ya wali ili nipate wale ndege wadogo, chozi, bustanini, wakaja kunguru. Hawa waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe taka za mji, wakageuka wenyeji. Vifaranga vyangu saba wamevibeba mbele ya macho yangu, na kiota cha chozi kwenye mkomamanga wamekivunja. Tangu siku hiyo sitoi chakula nje.

Kisamvu:
Tundika dumu la tembo la mnazi, utapata komba walevi usiku kucha!

Bi Langilangi:
Mwanangu, walikuwa wakija kula tu au wakilala hapo? Na mti gani? Popo hahami bure.

KarafuuMbichi:
Wakilala, hamsini hivi, kwenye mwembe dodo wa zamani.

Bi Langilangi:
Na huo mwembe uko?

KarafuuMbichi:
Haupo. Niliukata mimi, mwezi wa Rajabu. Mavi yao yalikuwa yakiteremka batini mpaka kwenye tangi la maji ya mvua, watoto wakaugua matumbo wiki mbili. Fundi mbao alikuja na pesa mkononi. Na nyinyi mngekuwa na watoto mngefanya nini?

Ami Ole:
Mti aliopanda babu yako umeuuza, leo unawaita wageni kwa ndizi. Ogopa Mungu, kijana.

Bi Langilangi:
Kumsema hakuoteshi mti. Sikiliza, mwanangu. Huyu popo wa Pemba hapatikani kwengine kokote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kwisha kwa bunduki na nyavu na kukatwa misitu. Watu wa Kidike wakaulinda msitu wao, na hesabu za kisiwa kizima zilizokuja baadaye zikapita popo 20,000. Lakini jike huzaa mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo kila anayekamatwa ni hasara kubwa. Anatafuta chakula kwa macho na pua: maua ya msufi, tini za mwituni, maembe. Matunda yaache mtini, ndizi za sinia haziwi kitu. Mti mkubwa wa kulala uwe mbali na bati. Tangi lifunike, na maji ya mvua ya mwanzo yamwage.

KarafuuMbichi:
Mti mkubwa ni miaka mingapi? Bi mkubwa hana miaka hiyo. Kuna kijana ananiletea popo wawili, nitawaweka tunduni uwani wawaite wenzao. Njiwa mbona huitana? Nusu ya pesa nimeshampa.

Ami Ole:
Subhanallah! Wamelindwa na wazee, leo mtu anawanunua!

Mshipi:
Hebu tusimame. Mie siiamini hadithi hii. Popo hulala msituni au kwenye miti ya makaburini, si uwani kwa mtu. Na anayekaa kaskazini ya Wete ana msitu wa Ngezi karibu, akose mtu wa misitu wa kumuuliza? Huyu anatafuta huruma, kesho ataomba mchango. Lete picha ya kisiki.

Mzee wa Mbweni:
Na hilo la siafu kupanda juu ya banda, hata mie nililishangaa.

Kisamvu:
Kwetu siafu wamepanda mpaka kitandani kwa shemeji yangu. Ilikuwa hivi, usiku ule mvua…

KarafuuMbichi:
Simu yangu kamera imekufa. Kisiki kipo, kanga moja haikizunguki. Bado kinatoka utomvu, na upande wa kibla kimechipua majani manne mekundu, laini kama sikio la mbuzi. Mchango sijaomba na sitaomba. Ngojeni, kuna hodi.

KarafuuMbichi:
Ni yule kijana. Ana gunia, linatikisika.

Bi Langilangi:
Usimshike kwa mkono mtupu, popo akikuuma ni hospitali. Wala usimrushe, akiwa chini huruka kwa taabu. Lilaze gunia juu ya tawi, ulifungue, wapande wenyewe. Na hayo machipukizi yazungushie miba, mbuzi wasiyafikie.

KarafuuMbichi:
Nimelilaza kwenye mshelisheli. Mmoja kashapaa. Wa pili kaning'inia, ana mtoto kifuani, ananitazama kwa macho ya rangi ya chai. Bi mkubwa kaukokota mkeka wake mpaka mlangoni. Kijana anadai nusu yake iliyobaki. Nimpe?