Naombeni ushauri: mbwa mdogo wa kukaa naye ndani

Wakuu, sijawahi kufuga mbwa. Sasa nataka mdogo wa kunipa kampani tu, si wa ulinzi. Nimempenda Maltese, lakini manyoya yake yanataka kuchanwa kila siku, na mimi hata nywele zangu nazichana kwa shida. Pug anachekesha, ila pua ile bapa humpa tabu ya kupumua kukiwa na joto. Chihuahua je, anafaa nyumba yenye mtoto wa miaka 4? Kuna muuzaji ananisukumia wa wiki 5 na hataki nimwone mama yake. Huyo nimemkataa, maana kabla ya wiki 8 ni mapema mno kumtenga na mama. Zaidi ya kadi ya chanjo, nikague nini kabla ya kulipa? Au nichukue aliyekwisha kukua?