Randa ya chuma ya mtumba inachana mninga

Fundi wa Ng'ambo, Tabora
Habari zenu, mafundi wenzangu. Nimenunua randa ya Stanley namba 4 kwa mzee aliyeacha useremala. Uso wake wa chini una kutu na kisu kilikuwa kimemeguka kwenye kona. Nimekinoa hadi kikanyoa malaika ya mkononi, lakini kwenye ubao wa mninga randa inachana nyuzi, na maranda yanakwama mdomoni, pale kisu kinapochomoza. Nianzie wapi?

Seremala wa Ujiji
Hongera, kaka, umepata chombo cha kudumu. Ifungue yote, weka vipini vya mbao pembeni, kisha loweka vyuma vyenye kutu katika siki usiku mmoja. Ukishavisugua kwa brashi ya waya na kuvisuuza, vikaushe na kuvipaka mafuta papo hapo, kwa kuwa chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu upya haraka sana. Uso wa chini usugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo kinene, ukiwa umeuchora mistari ya penseli: palipobaki mistari ndipo penye bonde. Kisu kiwe kimefungwa mahali pake, ila kimerudishwa ndani, kwa sababu mkazo wake huupinda mwili kidogo. Usiinyooshe kwa nyundo kamwe, maana chuma cha kumimina hupasuka.

Mzee wa Patasi, Kigoma
Hayo ni sahihi, lakini maranda kukwama kunanionyesha kasoro nyingine. Kitazame kile chuma cha pili kinachokaa juu ya kisu. Vifunge pamoja, uviinue kuelekea dirishani; ukiona mwanga unapenya katikati yao, maranda huingia hapo na kujazana. Nyoosha ukingo wa chuma hicho kwenye jiwe hadi ulale sawasawa, kisha usogeze ubaki nyuma ya makali kwa nusu milimita hivi, kwani nyuzi za mninga hupishana na zinahitaji kukunjwa kabla hazijachanika. Siku ukitumia mashine ya kunolea, chovya kisu majini mara kwa mara. Kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umeondoka.

Fundi wa Ng'ambo, Tabora
Ahsante sana, mzee wangu. Mwanga ulikuwa unapenya upande wa kushoto, palepale maranda yalipokuwa yakikwama. Nimeunyoosha ukingo, na jioni hii randa imetoa utepe mmoja kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho. Kesho nitashughulikia kutu.