Laptopu imeibiwa treni ya Kigoma, hii mpya niilindeje?

Wakuu, mwezi uliopita nilisinzia kwenye treni ikitoka Tabora. Kushtuka, begi limechanwa kwa wembe. Nimenunua nyingine ya mtumba hapa Mwanga. Niweke programu gani?

Jibu: Pole sana ndugu. Kama ni Windows 10 au 11, ingia na akaunti ya Microsoft, kisha washa Find My Device, ile inayoonyesha kwenye ramani mashine iko wapi, leo leo. Mashine ikishaibiwa, huwezi tena kuiwasha hiyo Find My Device.

Jibu: Ipo na Prey, programu nyingine ya kutafuta mashine iliyopotea. Ila zote zinategemea intaneti, na mwizi akipiga Windows upya umeikosa. Namba iliyobandikwa chini ya mashine inakili daftarini, polisi wataiuliza.

Muuliza: Asanteni. Nimewasha, kidoti kinaonekana Mwanga. Ile ya kwanza ilikuwa na picha za marehemu mama, sina nakala.