Runinga ya leza yenye 3D sebuleni: ninunue sasa au nisubiri?

Mwenyeji wa Ngamiani:

Wakuu, naomba mawazo yenu. Tunakarabati sebule, na mwenzangu amekubali tutenge ukuta mzima kwa ajili ya kutazama filamu. Dukani nimeoneshwa runinga ya leza ya inchi 100, yaani ile mashine inayokaa juu ya meza fupi karibu kabisa na ukuta na kurusha picha kwenye skrini iliyo juu yake. Muuzaji amenieleza kwamba leza yenyewe ndiyo inayoifanya picha itokeze kwa 3D, na kwamba miwani haihitajiki. Nilikuwa nikiamini 3D ya nyumbani ilikwisha tangu kampuni kubwa zilipoacha kuitengeneza, kwa hiyo maneno yake yamenitia moyo na shaka kwa pamoja. Je, leza imeleta jambo gani jipya katika 3D? Na nikishanunua, nitatazama nini?

Fundi wa Projekta:

Ndugu, kuhusu miwani hukuelezwa ukweli. Leza ni chanzo cha mwanga tu. Kinachoufanya ubongo uone kina ni picha mbili zinazotofautiana kidogo, kila jicho na yake, jambo ambalo mwanasayansi Charles Wheatstone alilionesha Uingereza mwaka 1838, zaidi ya karne moja kabla ya leza ya kwanza kuwaka mwaka 1960. Mashine nyingi za aina uliyooneshwa hutumia chip ya DLP, ambayo uso wake umejaa vioo vidogo mno vinavyoinama na kuinuka. Chip hiyo hutoa picha ya jicho la kushoto, kisha ya jicho la kulia, kwa kupokezana haraka sana, huku miwani yenye betri ikiziba jicho moja na kufungua jingine kwa mpigo uleule. Ukivua miwani hiyo filamu ikiendelea, utaona picha mbili zilizopandana na hutaweza kuitazama kwa raha.

Hata hivyo leza ina kazi kubwa hapa. Kila jicho hufungwa takriban nusu ya muda, na vioo vya miwani navyo hupunguza mwanga, ndiyo maana 3D ya projekta za taa ilikuwa na giza la kuchosha. Leza hutoa mwanga mwingi, rangi zake ni safi, na hudumu kwa takriban saa 20,000 au zaidi, wakati taa za zamani zilihitaji kubadilishwa baada ya saa elfu chache. Kwa sisi ambao umeme hukatika bila taarifa, sifa nyingine ya leza ni kwamba haina taa ya moto mkali inayoharibika upesi inapozimika ghafla, ingawa kifaa cha kulinda umeme bado ni lazima.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 2008 Mitsubishi iliingiza sokoni Marekani LaserVue, runinga ya inchi 65 yenye leza nyekundu, kijani na bluu, iliyokuwa tayari kwa 3D na kuuzwa kwa takriban dola 7,000. Runinga bapa zikazidi kuwa nyembamba na rahisi, na kufikia mwisho wa 2012 kampuni hiyo ikaachana na runinga za namna hiyo. Leza ilirudi kwa sura nyingine mwaka 2014, Hisense ya China ilipoleta mashine ya kurusha picha ya inchi 100 kutoka karibu na ukuta.

Mpenzi wa Filamu:

Mimi ningeanza na swali lako la pili, kwa sababu hapo ndipo fedha za watu hupotea. Matangazo ya 3D yalipata nguvu wakati wa Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, ambapo hadi mechi 25 zilipangwa kurekodiwa kwa 3D, na ESPN, kituo cha michezo cha Marekani, ikafungua chaneli maalumu ya 3D siku ya ufunguzi. Chaneli hiyo ilifungwa mwaka 2013, BBC nayo ikasimamisha mpango wake wa 3D mwaka huohuo, na kufikia 2017 Samsung, LG na Sony zote zilikuwa zimeacha runinga za 3D. Kwa hiyo usitarajie kupata kitu kupitia king'amuzi chako.

Kilichobaki ni filamu za 3D kwenye Blu-ray, yaani diski zenye picha bora kuliko DVD, na ubora wake ni wa kuridhisha sana. Angalia jambo moja kabla ya kulipa: diski za 4K hazina 3D kabisa, na PlayStation 5 haisomi diski za 3D, ilhali PlayStation 4 inazisoma. Kama una filamu unazozipenda katika diski hizo, au uko tayari kuziagiza, nunua bila kusita. Kama huna, chagua mashine kwa ubora wa picha ya kawaida, na 3D uihesabu kuwa nyongeza.

Mwenyeji wa Ngamiani:

Nawashukuru sana. Tuna miwani kadhaa tuliyotoka nayo sinema. Je, itafaa? Na ukuta wetu mweupe unatosha bila skrini?

Fundi wa Projekta:

Miwani ya sinema kwa kawaida haina betri. Huchuja mwanga kwa namna tofauti, na mashine hii haitaielewa. Nunua ile inayooana na DLP-Link, yaani mfumo ambao mashine huipa miwani mpigo kwa mmweko wa mwanga kwenye skrini, na uijaribu dukani. Ukiona kilicho mbali kinakuja mbele na cha mbele kinarudi nyuma, picha za jicho la kushoto na la kulia zimebadilishana. Geuza mpangilio huo kwenye menyu na picha itatulia.

Ukuta mweupe utakusikitisha mchana, kwa sababu hurudisha mwanga wa dirishani sawasawa na mwanga wa filamu. Tafuta skrini iliyotengenezwa kwa mashine za karibu, inayopokea mwanga unaotoka chini na kuuzuia ule wa dari. Ukuta usipokuwa umenyooka, mistari ya juu ya picha itapinda, maana mwanga huupiga kwa mshazari mkali.

Mama Wawili:

Naongeza la watoto. Mtoto asiinamie tundu la mashine ikiwa inawaka. Nyingi zina kihisi kinachopunguza mwanga mtu akisogea, lakini usikitegemee hicho peke yake. Iweke mahali ambapo mdogo hafiki. Kabla ya kununua, kila mmoja wa familia avae miwani na atazame kwa muda wa kutosha, kwa kuwa wapo watu ambao macho yao hayaunganishi picha hizo mbili, na wengine huumwa kichwa. Ni afadhali mgundue hilo mkiwa bado dukani.