Bamkubwa kaleta laptop kwenye sherehe ya mtoto, akairudisha kwenye gari kwa sababu mtoto hakuchaguliwa chuo cha Muhimbili!

Mamdogo wa Goba:
Wakuu, nimetoka kwenye sherehe sasa hivi, mikono inatetemeka. Simtaji mtu. Mnamjua. Kila ukoo unaye: kaunda suti, funguo za gari mezani, kila neno "sisi tuliosoma".

Binti wa dada yangu alisoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), kapata Division One ya point 5, kachaguliwa MD, yaani udaktari, pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Tumechinja, majirani wamejaa. Huyu bwana kaomba maiki, kainua laptop mpya ndani ya boksi, vigelegele mpaka kuku wa mtaa wa pili wakakimbia. Akauliza, "Umechaguliwa wapi, mwanangu?" Mtoto akasema Dodoma. "Mimi niliahidi Muhimbili."

AKAIRUDISHA KWENYE GARI. Mbele ya bibi yake! Katembea nayo taratibu, watu mia wanamwangalia, kafungua buti, kaiweka, kafunga kishindo walichosikia Chalinze. Halafu akabonyeza rimoti. Anamfungia nani? Sisi? Karudi kala pilau, kaomba na nyongeza!

Tangu form three huyu mtoto anaimbiwa Muhimbili, usingizi hana. Wanaoomba pale ni wengi kuliko nafasi. A moja na B mbili ndiyo kufeli? MD ni miaka 5 huku na huku, intern mwaka mmoja, Baraza la Madaktari Tanganyika linawasajili wote. NECTA wenyewe, baraza la mitihani, mwaka 2023 waliacha kutangaza kumi bora, huyu bado anatangaza kwa maiki. Mtoto kaniuliza, "Mamdogo, kwani nimefeli?" Na buti imefungwa!

Kipanga wa Tandika:
Chai hii. Haina hata tangawizi.

Mzee Kijiwe:
Mleta mada punguza jazba. Muhimbili ni Muhimbili. Pale kuna MOI ya mifupa, kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wagonjwa wa rufaa wa nchi nzima unawaona kwa macho. Mtoto mwacheni alenge juu.

Mamdogo wa Goba:
Alenge, nani kamkataza? Akikosa ndiyo anyang'anywe zawadi kwenye maiki? Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, wagonjwa wa pale wanaigiza? Ile buti, jamani. Ile buti!

Fundi Simu:
Laptop core i ngapi?

Wanjiku wa Thika:
Huku Kenya ni yale yale. Ukipata A kwenye KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, na usiende kusomea udaktari Nairobi, ukoo unaweka matanga. Binamu yangu aliitwa Eldoret, shangazi akalia mpaka majirani wakaleta rambirambi.

Kipanga wa Tandika:
Mamdogo kinachokuuma ni laptop, si mtoto. Sema ukweli.

Mamdogo wa Goba:
Laptop aipeleke kaburini! Kinachoniuma ni kuiinua kwanza. Angekuja mikono mitupu nisingeandika hapa.

Daktari Mtaani:
Afadhali nyie mnagombania kuingia. Mimi nilisoma hapo hapo mnapopaota, leseni ninayo, ajira naisubiri huku nafuga kuku. Jirani yangu wa banda kasomea chuo kingine kabisa, tunasubiri wote. Mwenye fremu naye kapandisha kodi bila hata salamu.

Bi Mkubwa Tanga:
Usiniambie habari za kodi. Wangu kakata umeme mwezi wa Ramadhani, futari nimepika gizani!

Fundi Simu:
Daktari, kuku gani hao? Kuroiler?

Daktari Mtaani:
Sasso. Kuroiler wananimalizia chakula.

Mzee Kijiwe:
Uongo. Kuroiler ukimwachia ajitafutie hakusumbui. Wewe unawafungia ndani.

Mamdogo wa Goba:
Jamani, uzi ni wa mtoto!

Bi Mkubwa Tanga:
Daktari, vifaranga unasafirisha mpaka Korogwe?